Siku Niliyojificha Kando ya Barabara ya Jenerali

Vijana, Jumapili ile mliponiuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla magoti hayajanikatalia, nilisema "dereva", na mmoja wenu akadakia, "Ah, teksi." Mkacheka, mkaenda kula sambusa. Sikuwa dereva wa teksi. Nilibeba wagonjwa: wazee wa viti vya magurudumu, watu wa dawa za saratani, na zaidi ya wote watu ambao figo zao zimekufa, wanaokwenda kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, wiki zote. Nilifanya kazi hiyo karibu miaka yote ya elfu mbili na kumi na kitu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliogopa. Ninyi sasa mnapata leseni mmoja baada ya mwingine, na naona mnavyoingia barabara kuu kama mtu anavyoingia jikoni kwao. Kwa hiyo naandika. Shule niliishia darasa la sita kule Fizi, Kongo, mtanisamehe nikiandika kama ninavyosema.

Barabara hizo mnazopita kila siku hapa Marekani kwenda kazini Fridley au madukani Maple Grove, zile zenye kibao cha ngao nyekundu na buluu, zilianzishwa na jenerali. Aliongoza majeshi Ulaya katika vita kuu ya pili, kisha Wamarekani wakamchagua awe rais. Nimewabeba wazee wengi wa umri wa kumkumbuka. Ukiwauliza habari zake watakusimulia vita, jinsi alivyovusha askari baharini, labda na kichwa chake kisicho na nywele. Barabara hawaitaji, na wakati huo wamekaa juu yake, magurudumu yanazunguka chini yao.

Mimi niliambiwa habari hiyo wiki yangu ya kwanza ya kazi, na aliyeniambia hakujua ananifanyia nini.

Alikuwa Mzee Shabani, Mtanzania wa Tanga, mkaaji wa maghorofa ya Cedar-Riverside mjini Minneapolis. Alikuwa ameendesha malori nyumbani kwao tangu ujana, na kampuni ilimpa madereva wapya awafundishe. Alikaa kiti cha pembeni, kofia magotini, akinitazama nikipanda njia ya kuingilia barabara kuu.

"Mkongo, mbona unaingia kama unaingia msibani?"

"Naangalia magari, mzee."

"Na yenyewe yanakuangalia wewe, yanashangaa. Kanyaga mafuta! Mwendo unautafuta huku kwenye kupanda, si ukishafika juu."

"Naogopa, mzee."

"Ogopa ukiwa na mwendo. Woga na mwendo vinakaa pamoja, havigombani."

Hilo la mwendo lishikeni, ni la kweli. Gari linaloingia polepole kati ya magari yanayokwenda kasi ndilo linaloua. Tafuta nafasi kwa kioo, geuza na shingo, ukishaamua usibadilishe.

Nilipokwisha kuingia, jasho likinitoka, akanipigia hadithi kunituliza. "Unajua barabara hizi alizijenga jenerali? Za kijeshi hizi. Ndiyo maana kuna mahali zimenyooka namna hii. Vita ikija, ndege zinatua hapa hapa. Ukiona ndege mbele yako wewe mpishe tu, washa indiketa."

Akacheka peke yake mpaka Fridley.

Mimi sikucheka. Mzee Shabani alitoka nchi ambayo jeshi likipita barabarani watoto wanakimbilia kuangalia. Kwetu Fizi, ukisikia malori ya jeshi unatoka barabarani, unaingia majanini, unalala kifudifudi. Hujiulizi ni jeshi la nani. Niliposikia kwamba barabara itakayonilisha ni ya kijeshi, niliamini kila neno. Kwa muda wa miaka miwili, kila nilipofika mahali palipokuwa pamenyooka, niliangalia angani. Na kama mnajua barabara kuu ya 494 pale inapopita karibu na uwanja wa ndege, ambapo ndege hushuka mpaka unaona matairi yake, mtajua niliteseka kiasi gani. Abiria walifikiri naomba. Mama mmoja aliniambia anafurahi kupata dereva mcha Mungu.

Hadithi ile ya ndege si kweli. Niliambiwa baadaye na mtu aliyejua. Lakini sikumuuliza mtu kwa miaka miwili, kwa sababu niliona aibu kuuliza. Msiwe hivyo.

Nilijifunza mengine kwa makosa. Kiti cha magurudumu kinafungwa kwa mikanda minne, miwili mbele, miwili nyuma, halafu mkanda wa mwenye kiti. Ukimaliza kufunga shika kiti kwa mikono yote miwili ukitikise kama unataka kukiiba. Siku moja sikutikisa, kona ya kwanza tu babu mmoja akaenda mbele kidogo na kurudi, akaniambia, "Asante kwa bembea." Na wakati wa baridi, barabara ikionekana imelowa, angalia matairi ya gari lililo mbele. Yakirusha maji, ni maji. Yakiacha kurusha na barabara bado inang'aa, hiyo ni barafu. Usiguse breki, ondoa mguu tu, taratibu.

Nilimbeba pia Bibi Loretta, mama Mweusi wa Saint Paul, mguu mmoja umekatwa kwa sababu ya kisukari. Kila tulipopita sehemu moja ya barabara kuu ya 94 upande wa Saint Paul aliuinua ule mguu uliobaki, akaushikilia juu mpaka tupite. Nikadhani unamuuma. Nilipomuuliza akasema, "Hapa chini lilikuwa jiko la bibi yangu. Walibomoa mtaa mzima wapitishe hii. Sikanyagi jikoni kwa bibi yangu na viatu." Nawaambia ili msije mkasema kwamba mimi, Papa Riziki, namsifu jenerali. Kuna watu barabara ile iliwafukuza, nao hawakuwa na pa kujificha. Mimi namwelewa bibi yule.

Sasa nifike kwa Bwana Carl.

Bwana Carl aliishi Maple Grove kwa binti yake Karen. Mzungu mrefu, mtoto wa wakulima, maneno machache. Ujana wake alikuwa fundi wa malori ya jeshi, enzi jenerali yule akiwa rais. Figo zake zilikufa uzeeni. Nilimbeba Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa ya mashine yake ikiwa saa tano mchana mjini Minneapolis. Mwenye ugonjwa ule hakojoi. Maji anayokunywa yanabaki mwilini mpaka mashine iyatoe. Akikosa siku moja miguu inavimba, akikosa zaidi maji yanapanda mapafuni.

Wiki hiyo ninayoisema Alhamisi hakwenda. Alikuwa amekwenda kumzika dada yake huko kaskazini. Jumamosi nilipomchukua miguu yake ilikuwa imejaa mpaka viatu havikufunga, na alikuwa akisema maneno mawili, anapumzika, maneno mawili, anapumzika. Karen alinifuata mpaka kwenye gari. "Papa Riziki, leo asichelewe. Tafadhali." Nikamwambia hatachelewa. Nilifunga mikanda minne, nikatikisa, tukaondoka.

Ilikuwa kiangazi, jua kali, barabara kavu. Tulikuwa kwenye 94 tukielekea mjini nilipoangalia kioo nikaona taa. Magari yamewasha taa mchana, yamefuatana, yana nafasi sawasawa kati yao. Yakakaribia. Rangi ya majani makavu, turubai nyuma, na nyuma ya turubai kofia za chuma.

Wanangu, sikuamua. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu baadaye ofisini waliniuliza niliamua nini. Mikono ilikata usukani kwenye njia ya kutokea. Nikapita taa moja, ya pili, nikaingia barabara ndogo, nikazunguka ghala la matofali, nikaegesha nyuma yake kati ya ukuta na mapipa ya taka. Nikazima gari. Nikazima redio ya kazi, kwa sababu sauti inasikika mbali. Nikazima simu. Kisha nikateleza chini ya usukani na kumwambia Bwana Carl kwa kunong'ona, "Mzee, lala chini."

Halafu nikasikia, "Nilale vipi? Wewe... ndiye umenifunga."

"Inamisha kichwa basi."

Akainamisha. Mzee wa miaka themanini na kitu akainamisha kichwa chake chenye nywele nyeupe kwa sababu dereva wake amemwambia.

"Nani... wanakuja?"

"Wanajeshi."

Hakucheka. Ningekuwa mimi ningecheka. Alisema, "Ni vijana wa jeshi la akiba. Wanatoka mazoezini. Jumatatu... wanarudi kazini. Wanafundisha shule. Wanauza bima."

Nilisikia maneno hayo na nikayaelewa. Kichwa kilielewa. Magoti hayakuelewa. Niliendelea kukaa chini, kiganja kimeshika kanyagio la breki, nikisikiliza injini kule juu barabarani. Nilidhani tumekaa dakika tano. Baadaye saa ilionyesha tulikaa karibu arobaini.

Kilichoniinua si ujasiri. Ni sauti. Pumzi ya Bwana Carl ilianza kulia kama maji yanayopanda kwenye bomba. Niliinuka nikamtazama, midomo yake imebadilika rangi.

"Mwanangu," akasema, "kama unanificha, basi... nifiche kwenye mashine."

Niliwasha gari na redio. Mama wa ofisini alikuwa anaita jina langu, sauti imekwaruza kwa kuita. Nilimwambia ukweli, kwamba nimechelewa, kwamba mgonjwa yuko vibaya. Akasema wapigie gari la dharura. Bwana Carl akasikia, akatikisa kichwa kwa nguvu: watazunguka kututafuta, alisema, na mashine iko karibu. Akanyoosha kidole kuelekea barabara kuu.

Nilitaka kupita mitaani. Nia yangu ya kweli ilikuwa hiyo: taa ishirini, vibao vya kusimama, lakini hakuna jeshi. Kidole chake hakikushuka. Nikageuka kwenye njia ya kupandia, na nilipoangalia kioo, kundi jingine la malori lilikuwa linapita, lori baada ya lori, halina mwisho.

Hapo ndipo nilipojua woga ni kitu gani. Kule nyumbani niliogopa nikiwa nakimbia, na kukimbia kunasaidia. Hapa ilinibidi niende upande wao.

"Kanyaga," akasema Bwana Carl.

Nikakanyaga. Nikatafuta nafasi kwa kioo, nikageuza shingo, nikaona uso wa dereva wa lori lililo nyuma, msichana, kijana kama ninyi, miwani ya jua. Akanipigia taa. Akapunguza mwendo anipishe. Nikaingia. Mbele yangu turubai na askari wamekaa wananitazama, nyuma yangu lori, nami katikati yao na mkojo uko karibu kunitoka. Nasema kama ilivyokuwa.

Bwana Carl alianza kuongea. Mtu yule asiyeongea, aliyekosa hata pumzi ya kutosha, aliongea njia nzima, vipande vipande, ili nisikie sauti yake badala ya injini. Aliniambia jenerali yule alipokuwa afisa kijana alisafiri na msafara wa malori ya jeshi kutoka pwani moja ya nchi hii mpaka nyingine. Ulichukua miezi miwili. Malori yalizama kwenye matope, madaraja yalivunjika chini yao. Hakusahau. Alipokuwa rais alitaka mtu aweze kuvuka nchi bila kuzama. "Sheria ya barabara... unajua aliisaini wapi?"

"Sijui, mzee."

"Hospitalini. Alikuwa amepasuliwa tumbo. Alikuwa mgonjwa... kama mimi."

"Na ndege? Zinatua wapi?"

"Ndege gani?"

Nikamweleza. Alitoa sauti ambayo nilidhani ndiyo pumzi ya mwisho, kumbe ni kicheko. "Aliyekuambia hivyo," akasema, "ni mtu mbaya sana."

Tulitoka barabarani, malori yakaenda zao. Msichana wa miwani alipunga mkono. Kwenye mlango wa kliniki nesi alitoka na kiti, akatutazama wote wawili, mmoja hana pumzi, mwingine shati limelowa mpaka mkanda wa suruali, akauliza, "Mgonjwa ni yupi?"

Mashine haikutosha. Alasiri ile ile walimhamishia hospitali kubwa, akalazwa siku nyingi. Siku hizo sikula vizuri. Nilihesabu kwamba nimemuua, nikasubiri tu kuambiwa.

Ofisini walinipa karatasi niandike kilichotokea. Mzee Shabani alinivuta kando.

"Andika foleni, Mkongo. Jumamosi, kiangazi, barabara inatengenezwa. Nani atabisha?"

"Hapakuwa na foleni, mzee."

"Utafukuzwa, wewe!"

"Karen aliniomba asichelewe. Akinisoma nikisema foleni, atanishukuru kwa kujitahidi. Siwezi kushukuriwa."

"Basi andika pia kwamba mimi ndiye niliyekudanganya habari ya jeshi na ndege. Iandike, nami nitatia saini." Nikaandika yote. Akatia saini. Kampuni ikaniondoa kwenye usukani, wakanipeleka kwa daktari wa kusikiliza watu, na kwa miezi miwili nilikuwa naosha magari na kukagua mikanda.

Siku niliyorudishwa, jina la kwanza kwenye orodha yangu lilikuwa la Bwana Carl. Nikafikiri ofisi imekosea. Karen alifungua mlango akasema, "Amekuomba wewe. Mimi nilikataa, nikwambie ukweli. Yeye alikataa kukataa kwangu." Bwana Carl alikuwa amekonda. Nilifunga mikanda, nikatikisa mara mbili.

Barabarani nikamwambia, kwa sababu nilikuwa nadaiwa maelezo. Nilimwambia habari ya yaya wangu Mmunga, kaka yangu mkubwa, ambayo ninyi wenyewe hamjapata kuisikia kwangu. Tulikuwa tunatoka kijijini na baiskeli iliyobebeshwa vyombo. Tukasikia malori nyuma. Mmunga akasema, "Ni wetu hawa, wa serikali. Anayekimbia ndiye wanayemdhania adui. Kaa barabarani." Mimi nikakimbia, nikaingia matete. Yeye alibaki ameshika baiskeli, kwa sababu vyombo vya mama vilikuwa juu yake. Sikuona. Nilisikia risasi. Nilipotoka niliokota sufuria moja nikaendelea kwenda, na sijawahi kujua nani alimzika.

Tulivuka mto. Kisha Bwana Carl akasema, "Siku ile mlango ulikuwa upande wako, hukukimbia peke yako. Mimi nilikuwa nimefungwa mikanda minne."

"Ndiyo, mzee."

"Basi."

Nilimbeba miezi mingine kumi na tano, na hatukurudia mazungumzo hayo. Malori ya jeshi tulikutana nayo mara mbili tena. Sikutoka barabarani. Msidhani nilipona. Niliimba tu kimoyomoyo na kushika usukani mpaka vidole vikafa ganzi, naye alihesabu malori kwa sauti, akisoma aina zake na makosa ya mafundi.

Alifariki majira ya baridi, nyumbani, siku isiyokuwa ya mashine. Walimzika kwenye makaburi ya wanajeshi, karibu na uwanja wa ndege. Nilivaa suti niliyomzikia mke wangu, Mama Riziki. Theluji ilikuwa inafika juu ya viatu. Nilipowaona askari saba wamejipanga na bunduki, nikasimama nyuma ya watu wote.

Karen akanifuata. "Papa Riziki, watapiga risasi hewani mara tatu. Ni heshima kwa aliyewahi kuwa askari. Baba aliniagiza nikuonye. Gari langu liko wazi, unaweza kukaa ndani mpaka waishe."

Niliangalia gari. Lilikuwa karibu, hatua kumi hivi. Niliangalia sanduku lenye bendera. Nikamwambia nitabaki naye.

Ya kwanza ilipolia magoti yalikunjika, nikashika theluji kwa mkono mmoja, nikainuka. Ya pili Karen alinishika mkono, au mimi ndiye nilimshika, sijui. Ndege ilipita juu, chini kabisa, sikuiangalia. Ya tatu ilipolia nilikuwa bado nimesimama pale pale, uso umeelekea kaburini.